Fimbo ya Daraja la Bondeni

Kazi yangu ni kuchekesha watu waliokuja kuangalia vyuma. Wananiita Mzee Kondo wa Tramu, na ukifika Karakana ya Kale pale Gerezani saa nne asubuhi utanikuta nimesimama kwenye ngazi ya gari namba kumi na saba, kofia ya udereva kichwani, meno yangu yote ishirini na mawili nje.

Siku hiyo wageni walikuwa kwaya ya akina mama kutoka Morogoro, thelathini hivi, wamevaa sare za zambarau.

"Leo mnapanda kunguru," niliwaambia, nikinyoosha kidole juu, ambako vile vyumba vya kuruka vilikuwa vinapishana kama kawaida yake. "Mtu anapandia Kimara anashukia Kigamboni, hajasalimiana hata na nzi. Mwaka 2071, Shirika la Tramu lilipolaza reli ya kwanza kutoka hapa kwenda Ubungo, watu walikuja na mikeka wakakaa kando ya njia waone gari lisilo na usukani. Bibi mmoja wa Kariakoo akauliza, 'Sasa hilo likitaka kukata kona linamwomba nani?'"

Wakacheka. Nikawapitisha miaka thelathini na minane kwa dakika ishirini. Behewa la nyuma la ndoo za samaki, ambalo ukipanda na suti nyeupe unashuka umekuwa dagaa. Masika ya mwaka 2080, maji yalipojaa hadi madirishani Magomeni na tramu ikawa ndiyo kitu pekee kinachotembea, wajawazito wawili wakajifungulia kiti cha mbele kwa wiki moja. Njia sita, magari tisini. Halafu kunguru wakaja, abiria wakapungua, na mwaka 2109 gari la mwisho likaingia humu karakanani likazimwa. Sasa umeme wa kuwarusha kunguru umekuwa ghali kuliko kuwapanda, na jiji limekumbuka ardhi. Jumamosi ile tramu mpya ingeanza. Gari la kwanza lilikuwa limeshapakwa rangi, na ubavuni limeandikwa kwa herufi za manjano: KONDO.

"Ndiyo, mimi mwenyewe," nikawaambia. "Na wajukuu watatu wana jina hilohilo. Mmoja mwalimu, mmoja darasa la tatu Tabata, mmoja bado anatambaa. Kondo hatuishi, ni kama mende."

Kisha nikanyanyua fimbo. Ni fimbo ya mninga, urefu wa mkono, ina pete ya shaba kila ncha.

"Daraja la Bondeni, pale Jangwani, lilikuwa na njia moja tu. Ya kwenda na ya kurudi ni ileile. Waliweka taa na mitambo, mafuriko yakaila mara tatu. Basi wakaweka hii. Fimbo ni moja, darajani anapita mmoja. Ukiishika unavuka, ukifika ng'ambo unamkabidhi anayesubiri. Huna fimbo, unakaa. Hata kama umembeba waziri, unakaa. Na ukiwa nayo mkononi unajua mbele yako hakuna mtu. Sasa, kulikuwa na mwenzetu mmoja..."

Wakaanza kucheka kabla sijamaliza.

"Mwajabu!" wakasema kwa pamoja, soprano na alto.

"Mwajabu," nikasema. "Aliota ameshika fimbo, akaingia darajani amelala, akagongwa kisogoni. Alipoamka akauliza, 'Tumefika Ubungo?'"

Mama mmoja alikuwa anajifuta machozi. "Kumbe alikuwa mtu kweli? Mimi mwanangu akienda shule bila daftari namwambia umefanya ya Mwajabu. Yuko wapi sasa?"

"Bado anaisubiri fimbo!"

Nikawaangusha wote. Mlangoni tu ndipo palikuwa na mtu ambaye hakucheka: Injinia Tusekile Mwambene, mkono umeshika kishikwambi chake kifuani.

*

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, daktari wa vyuma. Nani kafa, mbona umekunja uso hivyo?"

"Hajafa mtu. Tumepata reli ya Bondeni."

Alinipeleka chumba cha nyuma. Pau nne za reli zilikuwa zimelazwa juu ya mihimili, na juu yake kimekaa kile kitoroli chake wanachokiita Msikizi, chenye mwali wa bluu tumboni. Nilikwishakiona kikifanya kazi mwaka mzima. Chuma, Tusekile hupenda kueleza, ni kama chapati ya kusukumwa, tabaka juu ya tabaka. Kila gurudumu lililopita lilikandamiza tabaka jipya, na chochote kilichotetemeka ndani ya gari wakati huo, kengele, kikohozi, ugomvi wa nauli, kilikandamizwa humo humo. Msikizi anayafunua. Kwa njia hiyo alishatupatia makondakta wa Kariakoo na kilio cha mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka wa mafuriko. Vyote hivyo vilikuwa vipigwe Jumamosi asubuhi kwenye Ukumbi wa Sauti, mbele ya watu, bila kukatwa. Baraza la jiji lilipitisha hivyo: kilichotoka chumani kinasikilizwa kizima au hakisikilizwi.

"Shida ya chuma," alisema, "kinakumbuka kila kitu kwa mara moja. Nikisikiliza hivi hivi nasikia soko. Lakini nikimpa Msikizi sauti ya mtu aliye hai, anaifuata mpaka kwenye tabaka lake. Nataka unisomee sentensi kumi na mbili tu."

"Mimi sasa gunzi, mama. Sauti ya ujana nimeiacha Sinza."

"Sauti inazeeka, fuvu halizeeki. Atakutambua." Akanigeuzia kishikwambi. "Tunatafuta siku moja. Tarehe kumi na nne Aprili, 2089."

Nilikuwa na utani mdomoni. Ukakaa hapohapo.

"Ndiyo siku ya ajali," akaendelea, taratibu. "Unajua Sheria ya Sauti. Hakuna sauti inayochomolewa chumani bila kidole gumba cha mwenyewe, na mazungumzo ya watu wawili yanafunguliwa kwa vidole viwili. Msikizi anaonyesha watu wawili walisemezana mwisho wa daraja upande wa Magomeni, dakika saba kabla ya kugongana. Kidole kimoja nimeshapata."

"Cha nani?"

"Cha Bi Mwajabu."

"Yu hai?"

Alinitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tangu mama yangu afariki. Miaka arobaini na moja nilikuwa nachumia tumbo kwa jina la mtu, na swali hilo ndiyo kwanza naliuliza.

Nilimwambia nina mafua, nitasoma kesho.

Nikuambie sasa, maana hukuwepo. Nilivuka Bondeni nikitoka Kariakoo na fimbo, mvua inanyesha kama imelipwa. Mlangoni pangu walisimama akina mama watatu wenye ndoo za samaki, nami nilikuwa nawasimulia kisa. Nilifika upande wa Magomeni, gari la Mwajabu linasubiri, nikampita bila kumkabidhi. Fimbo imening'inia kwenye ndoano yake pembeni ya goti langu. Akapiga kelele dirishani. Sikutaka kurudi nyuma na mvua ile, na kisa kilikuwa hakijafika mwisho. Nikamwambia apite. Akapita.

Dakika nne baadaye, pale kituoni upande uleule wa Magomeni ninapongojea zamu, akaja Lipangile, dereva wa gari lililokuwa likimfuata Mwajabu. Akanyoosha mkono kama alivyonyoosha kila siku, nami nikampa fimbo kama nilivyompa kila siku. Mkono ulimpa, kichwa kilikuwa kwenye kisa. Lipangile akaingia darajani kwa mwendo wote, kwa sababu aliyeshika fimbo anajua mbele hakuna mtu.

Watu kumi na mmoja waliumia. Mmoja alikufa, Hemedi Kapera, fundi viatu, alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa kwa kuwa kilikuwa kikavu.

Kamati iliniuliza: je, ulimruhusu Mwajabu apite? Nikasema, "Waheshimiwa, ruhusa ni fimbo. Mimi nina ruhusa gani, hata mke wangu hanisikilizi." Wakacheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Wale akina mama wa samaki hakuna aliyewatafuta. Nani aende kuuliza ndoo? Mwajabu alisema yake, wakamwambia anajitetea. Akafukuzwa kazi. Na mimi, wiki ya pili, madereva wamenyamaza kwenye chumba cha chai kama msibani, nikaona niwachangamshe. Nikatunga kile kisa cha ndoto.

Kikapita mlango kwa mlango mpaka Morogoro.

*

Nilikwenda Mbagala. Nitasema nilikwenda kufanya nini, kwa kuwa ndani ya kunguru, njia nzima, nilijidanganya kwamba nakwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumwomba aondoe kidole chake.

Nilibeba sukari kilo mbili na kanga doti moja. Mtaani nikauliza nyumba ya Bi Mwajabu. Kijana wa bodaboda akacheka, "Mwajabu gani, mzee, yule wa ndoto?" Hakuna aliyemjua. Mwishowe dada mmoja wa saluni akanisikiliza nikimweleza umri na umbo, akasema, "Aa, unamtaka Bi Miavuli!"

Alikuwa barazani, miwani puani, anashona kitambaa cha mwavuli kwenye mbavu zake. Amezungukwa na miavuli kama kumi iliyofunguliwa, kama amekaa kwenye shamba la uyoga. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia.

"Kondo," alisema kabla sijabisha hodi. "Karibu. Kaa hapo, angalia usikalie mwavuli wa mtu."

"Bi Mwajabu! Hujazeeka hata kidogo, unakula nini, betri?"

Hakucheka. Hakununa vilevile. Aliningoja nimalize, kama mtu anavyosubiri lori lipite ndiyo aendelee kuongea. Nikaweka sukari chini.

"Mjukuu wangu amejifungua," alisema. "Msichana. Leo siku ya tano."

"Hongera! Basi tumepata Mwajabu mdogo."

Neno likanitoka kwa mazoea. Kwetu pwani ndivyo ilivyo; mtoto hurithi jina la bibi. Akakata uzi kwa meno.

"Nina watoto wanne na wajukuu tisa, Kondo. Binti yangu mkubwa alimpa mwanawe jina langu. Akafika darasa la pili. Siku moja akarudi nyumbani amevuliwa viatu, wenziwe wanamwambia alale barabarani agongwe. Wakambadilisha, akawa Rukia. Mimi ndiye niliyewaambia wambadilishe. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu tena." Akaunyoosha mwavuli, akaukagua dhidi ya mwanga. "Hapa mtaani hawajui jina langu. Nalo ni jina la bibi yangu mzaa mama, alikuwa mkunga Kisiju. Limefika kwangu likakwama."

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa niseme tumezeeka, chuma kilale na siri zake, wajukuu zangu nao wana shule. Ninayo mengi mdomoni mimi, mtu yeyote atakuambia.

"Ulikuja kuniambia nini?" akauliza.

"Nilikuja... kukujulia hali."

"Yule binti injinia aliniambia wewe hujaweka kidole. Nikamwambia asikulazimishe. Nimekaa miaka arobaini na moja, siwezi kushindwa kukaa zaidi." Akanisogezea kile kifurushi cha sukari kwa mguu. "Sukari sili, nina kisukari. Kanga acha, tutamfungia mtoto."

*

Unajua nilichofanya? Niliamua kusema kwa mdomo. Niliona ni nafuu: nitawaambia wageni, neno litaenea lenyewe kama lile la kwanza lilivyoenea, nami sitalazimika kuisikia sauti yangu.

Asubuhi ya Alhamisi walikuja wafanyakazi wa benki. Nikanyanyua fimbo. Nikawaambia, "Nataka niseme ukweli. Mwajabu hakulala. Mimi ndiye niliyemwambia apite. Fimbo nilikuwa nayo mimi, na nilimpa mtu mwingine. Mimi ndiye."

Wakatazamana. Kisha mmoja mwenye tai nyekundu akapasuka, na wote wakafuata.

"Ehee, sasa kamwingiza na mkewe!" akasema mwingine, maana nilikuwa nimeshawapa utani wa mke.

"Nasema kweli, jamani. Alikufa mtu."

"Mzee Kondo bwana! Uso huo huo! Angalia alivyokaza uso!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alinirekodi. Nikazidi kusema, wakazidi kucheka, na nikaona, kutoka pale juu ya ngazi, kwamba mdomo wangu nimeuchezea mpaka hauna tena kazi nyingine.

Nikashuka. Nikaenda chumba cha nyuma na kofia mkononi.

"Mafua yamepona," nikamwambia Tusekile.

Nilisoma sentensi kumi na mbili. Ya tatu nilijaribu kuikoromea kidogo, kama kikongwe, na Msikizi akawasha taa nyekundu. Tusekile akanirudishia karatasi. Nikasoma upya kwa sauti yangu. Kisha nikaweka kidole.

Mwali wa bluu ukatembea juu ya reli. Kwanza mvua. Sijui nikuelezeje, ilikuwa mvua ileile. Halafu breki zangu, halafu ndoo zikigongana, halafu kijana mmoja akicheka kwa kelele, na ilinichukua muda kujua ni mimi.

"Fimbo, Kondo!" Mwajabu, miaka thelathini na mmoja.

"Pita tu, dada! Ninayo mimi, nani mwingine ataingia?"

"Sipiti bila fimbo. Niletee."

"Mvua yote hii?"

"Niletee fimbo, Kondo. Nina watu humu."

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilipokuwa inaishia siku zote: nilimwambia apite, akapita. Chuma hakikuishia hapo.

"Haya jamani mwoneni," ilisema sauti yangu, imepandishwa makusudi ili wale akina mama wasikie. "Mwanamke kapewa tramu anaogopa daraja! Anataka fimbo! Mumewe hana?" Kicheko, changu na cha wale wa ndoo. "Basi kaa hapo ulale, tutakuletea na mto!"

Mvua tupu, kwa muda. Kisha gari lake likaondoka.

Kumbe ndoto niliyomtungia niliianza siku ileile, palepale.

"Kuna kingine," alisema Tusekile. Alikuwa anautazama ukuta. "Nikikata hiki, nakata vyote. Sikiliza."

Kengele. Kengele ya mguu ya tramu, ding, ding, ding, bila kupumzika, ikienda mbali polepole. Alikuwa anaingia darajani kwa mwendo wa mtu anayetembea, anapiga kengele kila hatua, kwa kuwa hakuwa na fimbo na aliogopa, na aliogopa kwa haki. Mwendo huo ndio uliomfanya awe bado darajani Lipangile alipokuja. Dakika saba za kengele. Mtu aliyelala.

Nilimwambia Tusekile azime. Akaniuliza, je, Jumamosi? Nikamwambia Jumamosi apige chote. Nikamwomba jambo moja tu, wafute jina langu kwenye gari.

Akauliza Baraza la jiji. Wakajibu kwamba rangi imeshakauka na kadi za mwaliko zimeshachapwa.

*

Sitasimulia ilivyokuwa ukumbini Jumamosi. Watu elfu moja na mia mbili, na ile kengele. Wajukuu zangu nilikuwa nimewaambia wasije, wakaja.

Saa nne na nusu nikapandishwa kwenye gari jipya kama ratiba ilivyosema, nikae kiti cha dereva wa heshima, dereva mwenyewe nyuma yangu. Hakuna aliyejua aniondoe vipi. Tulipita Kariakoo, watu wamejipanga pande zote mbili, na palipopaswa kuwa na vigelegele palikuwa na watu wanasoma jina ubavuni kisha wananitazama.

Daraja la Bondeni ni jipya lakini bado ni njia moja. Wamelijenga hivyo kwa ajili ya kumbukumbu, na fimbo wameirudisha kwa ajili ya sherehe. Tulipolifikia, aliyeishika alikuwa Bi Mwajabu. Alisimama kwenye jukwaa dogo, mwavuli mweusi juu yake ingawa jua lilikuwa kali, na kando yake mjukuu wake, mtoto kafungwa kanga niliyopeleka mimi.

Gari likasimama. Nikafungua dirisha, nikanyoosha mkono. Huo ndio utaratibu.

Hakunipa.

Alinitazama. Nyuma yangu wageni wa mabehewa matatu walichungulia madirishani. Nilikuwa na utani kama kumi ulimini, unakuja wenyewe kama jasho, na kila mmoja ungewafungua wale watu vifua, wacheke, mambo yapite. Nikaumeza mmoja mmoja.

"Nisamehe, dada," nikasema.

"Shuka," alisema.

Nikashuka. Akampa fimbo yule dereva aliyekuwa nyuma yangu, kwa mikono miwili, akamwambia, "Mbele hakuna mtu, mwanangu. Nimeangalia mwenyewe." Kisha akapanda, na mjukuu wake akapanda na mtoto.

Nilisimama pale na kofia yangu. "Mimi je?"

"Kuna njia ya miguu," alisema Mwajabu kutoka mlangoni. Halafu, kama mtu aliyekumbuka: "Siku ile ulisema tumepata Mwajabu mdogo. Bado. Nataka kwanza nisikie watu wanasemaje."

Gari likaondoka, KONDO kwa herufi za manjano, likanipita behewa kwa behewa. Nikavuka kwa miguu. Daraja lile ni mita mia nne, na kwenye tramu sikuwahi kujua kwamba ni refu. Chini, bondeni, wanalima mchicha. Upande wa Magomeni umati ulikuwa umelizunguka gari lililosimama, wakageuka kunitazama nikija, peke yangu, katikati ya ile njia ndefu, kofia kichwani, mikono mitupu.

Kijana mmoja mwenye ukwaju wa barafu mkononi akapaza sauti:

"Jamani, mzee kafanya ya Kondo!"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, najua vicheko, kile kinachokwenda mbali. Nyuma yake mwingine akalirudia lile neno, na mwingine, na likaanza kwenda mtaani bila mimi. Jibu nilikuwa nalo, tena kali, lingemkata yule kijana hapohapo na kurudisha watu upande wangu. Sikulitoa.

Mlangoni mwa behewa la kwanza Mwajabu alikuwa amesimama anasikiliza. Hakucheka na wenzake. Aliufunga mwavuli, akamwinamia mtoto, akamnong'oneza kitu sikioni. Nilikuwa mbali, sikusikia, lakini nilimwona mjukuu wake akiinua uso ghafla na kuziba mdomo kwa kiganja.

Nyuma ya umati, juu ya ukingo wa maua, Kondo wangu wa darasa la tatu alikuwa amesimama na baba yake. Alikuwa anawatazama wale wanaocheka, mmoja baada ya mwingine, na mimi bado nilikuwa na mita hamsini za kutembea kumfikia.